Utunzaji wa Viungo vya Sakafu ya Zege Lililong'arishwa: Somo kwa Vituo vya Afya vya Kasokola na Mkoa wa Katavi

Utangulizi

Kata ya Kasokola imo katika Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Kama ilivyo katika kata nyingi za magharibi mwa Tanzania, wakazi wake wengi ni wakulima, na mguu unaoingia zahanati huingia na udongo wa shambani: vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa mvua. Kwa sababu hiyo sakafu ya chumba cha matibabu hufanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Hupokea udongo, maji, damu na dawa zilizomwagika, na hutakiwa kuviachia vyote vikaondoka kwa dekio moja.

Sakafu ya zege lililosagwa kwa mashine na kung'arishwa, pamoja na ndugu yake wa siku nyingi, terazo, huchaguliwa kwa sababu hiyo hasa. Haina zulia la kuoza wala vigae vya kung'oka, na uso wake mgumu hudumu miaka mingi. Hata hivyo ina sehemu moja dhaifu, nayo ni kiungo, yaani ule mstari mwembamba unaotenganisha kipande kimoja cha sakafu na kingine. Somo hili linaeleza kwa nini mstari huo upo, jinsi unavyoharibika, madhara yake kwa afya, na namna fundi, mhudumu wa usafi na kamati ya kituo wanavyoweza kuulinda.

Funzo la ufa na papasi

Uhusiano wa ufa wa sakafu na ugonjwa ulifahamika Afrika Mashariki na Kongo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1905 madaktari Joseph Dutton na John Todd, wakifanya kazi mashariki mwa Kongo, walionyesha kwamba homa inayorudiarudia huenezwa na papasi, kupe laini anayejificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyo na kufariki Kasongo mwezi Februari mwaka huohuo, na kimelea kinachoisababisha kikapewa jina lake: Borrelia duttonii. Katika kipindi hichohicho Robert Koch alichunguza papasi hao katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, akathibitisha kwamba papasi jike hupitisha vimelea hadi kwenye mayai yake. Maana yake ni kwamba nyumba yenye nyufa iliweza kubaki na ugonjwa hata baada ya wagonjwa wake kupona au kuhama.

Papasi hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni kabla aliyelala hajatambua. Ufa ndio humpa kivuli, ukavu na usalama. Pale sakafu za udongo zilipobadilishwa kuwa za saruji isiyo na nyufa, makazi yake yalipungua. Faida ya sakafu ngumu imepimwa pia kwa magonjwa mengine. Nchini Mexico serikali ilimwaga sakafu za saruji katika nyumba za watu maskini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba kuondoa kabisa sakafu ya udongo kulipunguza minyoo na vimelea vya tumbo kwa watoto wadogo kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81.

Funzo lililopo ni kwamba faida ya sakafu ngumu hutokana na uso wake kuwa mzima. Saruji iliyopasuka hurudisha sehemu ya kile kilichoondolewa, kwa kuwa ufa hutunza unyevu, uchafu na wadudu mahali ambapo dekio halifiki. Ndiyo maana katika jengo la afya kiungo hakihesabiki kuwa pambo la fundi, bali ni sehemu ya kinga ya maambukizi.

Kwa nini zege lazima lipasuke

Zege hutengenezwa kwa saruji, mchanga, kokoto na maji. Sehemu ya maji hutumika katika kuigandisha saruji, na yanayobaki hukauka polepole kwa wiki na miezi. Maji yanapotoka, zege husinyaa. Kiasi cha kawaida ni karibu nusu milimita kwa kila mita moja. Wodi yenye urefu wa mita 12 hutaka kufupika kwa takriban milimita 6. Lakini jamvi la zege haliko huru: chini limeshikwa na kifusi, pembeni limeshikwa na kuta na nguzo. Likizuiwa kufupika huvutika, na zege, ambalo hustahimili sana kugandamizwa, ni dhaifu linapovutwa. Hapo hupasuka.

Hali ya hewa ya Katavi huongeza mvutano huo. Mvua hunyesha takriban kati ya Novemba na Aprili, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu, yenye upepo, jua kali la mchana na baridi ya usiku. Zege linalomwagwa kiangazi bila kufunikwa hupoteza maji ya juu kabla ya yale ya ndani, na huweza kuonyesha nyufa ndogondogo siku ya kwanza. Halijoto nayo hulipanua na kulisinyaza: kwa tofauti ya nyuzi 15 za Selsiasi, kipande cha mita 10 hubadilika urefu kwa karibu milimita 1.5.

Kwa hiyo swali la fundi ni wapi zege lipasuke, maana kupasuka litapasuka. Kiungo ni jibu la swali hilo. Fundi hukata mfereji mwembamba ulionyooka, zege linakuwa dhaifu kwenye mstari huo, na ufa hushuka chini yake ukiwa umefichika na umenyooka. Wanafunzi wa tiba wanaweza kulinganisha na mwili wa binadamu: goti lipo ili mguu ukunjwe pasipo mfupa kuvunjika. Goti likigandishwa, nguvu huhamia penye udhaifu mwingine.

Aina tatu za viungo

Kiungo cha kuelekeza ufa ndicho kinachoonekana zaidi. Hukatwa juu ya jamvi kwa kina kisichopungua robo ya unene wake. Jamvi la milimita 100 huhitaji mfereji wa milimita 25. Umbali kati ya mfereji na mfereji huwa kati ya mara 24 na 36 ya unene. Kwa jamvi hilohilo, mita 3 ni kipimo kizuri. Vipande vinavyopatikana vikaribie mraba, na upande mrefu usizidi upande mfupi mara moja na nusu, kwani kipande chembamba na kirefu hupasuka katikati.

Kiungo cha kutenganisha huwekwa pale sakafu inapokutana na ukuta, nguzo au msingi wa mashine. Kipande laini cha kufinyika hutiwa katikati ili sakafu isinyae bila kushikwa. Kikisahaulika, nyufa huanzia kwenye pembe za nguzo.

Kiungo cha ujenzi hutokea pale kazi ya siku moja inapoishia na ya siku ya pili kuanzia. Hupita unene wote wa jamvi na kingo zake ni dhaifu zaidi, hivyo huhitaji uangalizi mkubwa kuliko mingine.

Katika terazo, vipande vyembamba vya kioo, plastiki au shaba hugawa uso katika miraba. Vipande hivyo ni lazima vikae juu kabisa ya viungo vya jamvi la chini. Vikiwekwa kwa kufuata uzuri wa mchoro pekee, ufa wa jamvi hupanda na kuipasua terazo katikati ya mraba.

Jinsi kiungo kinavyoharibika

Kiungo kilichoachwa wazi ni bonde dogo lenye kingo mbili kali. Gurudumu kubwa la mpira hulivuka bila shida. Gurudumu dogo na gumu, kama lile la kitanda cha kusukumia wagonjwa, toroli ya dawa au kigari cha mtungi wa oksijeni, hutumbukia kidogo na kugonga ukingo wa pili. Kila pigo huondoa chembe ya zege. Kadiri mwanya unavyopanuka ndivyo gurudumu linavyotumbukia zaidi na pigo linavyoongezeka. Uharibifu huo hujikuza wenyewe. Mstari wa milimita 3 huweza kuishia kuwa mtaro wa upana wa kidole.

Wa kwanza kuathirika ni mgonjwa. Mama mwenye uchungu anayesukumwa kuelekea chumba cha kujifungulia, au majeruhi aliyevunjika mfupa, husikia maumivu kila kiungo kinapogongwa. Mzee anayetembea kwa fimbo hunasa ncha yake katika mtaro. Anayefuata ni mhudumu wa usafi, ambaye huachiwa mstari usiosafishika. Maji ya kudekia hutiririkia humo pamoja na damu, udongo na sabuni, kisha hukauka nusu. Dawa ya kuulia vijidudu hupungua nguvu inapokutana na uchafu wa namna hiyo, kwa hiyo kuongeza dawa juu ya mtaro mchafu si tiba. Aidha maji yanayopita hadi chini ya jamvi hulainisha kifusi, kona za vipande huanza kucheza, na nyufa mpya huzaliwa.

Ni kweli kwamba sakafu hushikwa na mikono mara chache kuliko kitasa cha mlango au reli ya kitanda, na usafi wa mikono unabaki kuwa kinga ya kwanza. Lakini katika chumba cha kujifungulia, ambamo maji na damu humwagika kila siku na vitu huanguka, sakafu isiyosafishika huhatarisha kazi yote inayofanyika juu yake.

Ulinzi unaoanza siku ya kumwaga zege

Sehemu kubwa ya hatima ya kiungo huamuliwa katika siku mbili za kwanza. Zege lichanganywe kwa maji ya kutosha tu, kwani kila ndoo ya ziada inayotiwa ili kurahisisha kazi huongeza kusinyaa. Baada ya kusawazishwa, lifunikwe kwa nailoni au magunia mabichi na kumwagiliwa kwa siku 7 au zaidi. Kazi ya kiangazi ianze alfajiri au jioni.

Mfereji hukatwa mapema, kwa kawaida ndani ya muda wa saa 4 hadi 12 baada ya zege kumalizwa, na katika joto kali muda huelekea kwenye ule mfupi. Dalili ya kuwahi mno ni mashine kung'oa kokoto. Dalili ya kuchelewa ni ufa kutangulia mashine. Pasipo mashine ya kukatia, fundi anaweza kumwaga vipande kwa kupishana, kimoja leo na jirani yake baada ya siku kadhaa, au kupachika kipande chembamba cha plastiki katika zege bichi kwenye mstari uliopimwa. Njia hizi hazihitaji umeme, na zikifanywa kwa uangalifu hutoa kiungo kizuri.

Ramani ya viungo ichorwe kabla ya kumwaga, na muuguzi au mganga mfawidhi ashirikishwe. Yeye ndiye anayejua kitanda cha kujifungulia kitakaa wapi na toroli itapita wapi. Kiungo kisipite chini ya kitanda hicho wala kando ya sinki, na kisifuatane kwa urefu na njia ya magurudumu. Mstari chini ya ubao wa mlango ni mahali panapofaa.

Kujaza kiungo

Kiungo kinachopitiwa na magurudumu magumu hujazwa kitu kigumu kiasi cha kubeba gurudumu na laini kiasi cha kuruhusu zege kujongea. Vinavyotumika zaidi ni epoksi nusu-ngumu na poliyurea. Silikoni ya madirishani haifai njiani, kwa sababu gurudumu huididimiza na kingo hubaki bila msaada. Inafaa pembeni mwa ukuta ambapo hakuna uzito unaopita. Uji wa saruji nao haufai. Hugandisha vipande viwili kuwa kimoja, na zege linapoendelea kusinyaa hupasuka kando ya kiungo kile kile kilichowekwa kulizuia lisipasuke ovyo.

Kazi hufuata hatua hizi:

1. Kusubiri. Zege husinyaa zaidi katika miezi ya mwanzo, hivyo kujaza kucheleweshwe kwa siku 60 hadi 90 inapowezekana. Wakati wa kusubiri, viungo vilivyo njiani vifunikwe kwa mbao nyembamba au vibanzi vya chuma ili kingo zisivunjike kwa mikokoteni ya ujenzi.

2. Kusafisha. Vumbi, matope ya kusagia na mabaki ya sabuni yaondolewe hadi chini ya mfereji. Kijazo hushika zege safi na kavu, hakishiki vumbi.

3. Kujaza kina chote cha mfereji, hadi kifurike kidogo juu ya uso.

4. Kukata ziada kwa wembe mpana baada ya kijazo kukauka, ili kiwe sawasawa na sakafu. Ukucha ukipitishwa juu yake usikwame.

Kituo kinachohitaji kufunguliwa mapema kinaweza kujaza kabla ya siku hizo kutimia, mradi kamati ijue kwamba kijazo kitaachana na ukingo mmoja baada ya miezi kadhaa na kitahitaji kuongezewa. Kuachana huko ni ishara kwamba zege limesogea kama ilivyotarajiwa, na marekebisho yake ni ya gharama ndogo. Kingo zilizobomoka ndizo ghali: hukatwa upya pande zote mbili, hujengwa kwa chokaa cha epoksi, kisha mfereji mpya hukatwa palepale ulipokuwa wa zamani.

Afya ya fundi

Somo la sakafu halikamiliki bila kumtaja anayeitengeneza. Mchanga na kokoto nyingi zina silika. Zege kavu linapokatwa au kusagwa hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, ambalo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na huongeza hatari ya kifua kikuu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Katika eneo la Mpanda, ambako wapo pia wachimbaji wadogo wa dhahabu, mtu mmoja anaweza kuvuta vumbi hilo mgodini msimu mmoja na kwenye ujenzi msimu mwingine. Mganga anayemhoji mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu amuulize kazi zake zote.

Kinga ya kwanza ni maji: kukata na kusaga kufanyike kwa kumwagia maji mfululizo. Barakoa ya kitambaa haichuji vumbi hilo. Huhitajika barakoa maalumu inayobana uso. Saruji mbichi nayo huunguza ngozi kwa ukali wake wa magadi, na epoksi isiyokauka husababisha mzio wa ngozi. Glovu na viatu vya mpira ni vya lazima, na ngozi iliyoguswa ioshwe kwa maji mengi mara moja.

Usafi wa kila siku na ukaguzi

Sakafu iliyong'arishwa huharibiwa na asidi. Dawa za kung'arishia choo, siki na maji ya ndimu hula uso wake na kudhoofisha kingo za viungo. Sabuni isiyo na asidi na maji safi vyatosha kwa kazi ya kila siku. Kufagia kwa ufagio mkavu wodini kuepukwe, kwani huinua vumbi na kulisukumia kwenye mifereji. Kudeki kwa dekio lenye unyevu, kuanzia penye usafi kuelekea penye uchafu, ni bora. Zulia gumu la kufutia miguu mlangoni hupunguza mchanga, ambao chini ya kiatu hukwaruza kama msasa.

Damu ikimwagika, mhudumu avae glovu, aifute kwanza kwa kitambaa cha kutupa, kisha aweke mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.5. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5, hiyo ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji. Aiache kwa dakika 10, kisha asuuze, hasa kwenye mstari wa kiungo, kwa sababu klorini ikibakia hufifisha rangi ya sakafu na kuchakaza kijazo.

Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi, mjumbe wa kamati na mhudumu wa usafi watembee jengo zima wakiwa na ramani ya viungo. Watazame mambo manne: kijazo kilichoachana na ukingo, kijazo kilichozama, kingo zilizovunjika, na kipande kinachocheza au kutoa unyevu kinapokanyagwa. Kila kasoro iandikwe katika daftari la matengenezo pamoja na tarehe. Kasoro mbili za kwanza hutibiwa kwa mrija mmoja wa kijazo na nusu siku ya fundi. Zikipuuzwa kwa misimu kadhaa huzaa mbili za mwisho, na hapo chumba hufungwa kwa siku nyingi. Kwa kata ambayo mama mjamzito hana chumba cha pili cha kujifungulia karibu, siku hizo ni hatari yenyewe.

Hitimisho

Zege litasinyaa Kasokola kama linavyosinyaa kwingineko. Kinachoweza kuchaguliwa ni mahali pa ufa na matunzo yake. Kiungo kilichopangwa pamoja na wauguzi, kikakatwa kwa wakati, kikajazwa kwa kitu sahihi na kukaguliwa kila msimu, huipa sakafu uso mmoja unaosafishika. Kilichoachwa wazi huwa ufa kama nyufa nyingine, nao wataalamu wa homa ya papasi walikwisha kuonyesha ufa huhifadhi nini.

Maswali ya kujipima

1. Wodi ina urefu wa mita 18 na jamvi la milimita 100. Kadiria kiasi ambacho zege lake litataka kufupika, na umbali unaofaa kati ya viungo.
2. Eleza kwa nini uji wa saruji haufai kujazia kiungo.
3. Kwa nini kuongeza dawa ya klorini hakutoshi pale kiungo kinapokuwa kimebomoka?
4. Taja maswali mawili ambayo muuguzi anapaswa kumjibu fundi kabla ya ramani ya viungo kuchorwa.